Saini ya Mhunzi

Katika Shahnameh, utenzi wa wafalme ambao Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010, yumo dhalimu mmoja aitwaye Zahhak. Mabegani mwake wameota nyoka wawili, na chakula chao ni ubongo wa vijana. Hofu ya kupinduliwa ilipomzidi hakuongeza walinzi wala hakujenga ngome. Aliwaita wakubwa wa nchi akawataka watie saini waraka wa kushuhudia kwamba yeye, Zahhak, hajapata kutenda ila mema. Wakubwa wakasaini, kwa kuogopa roho zao. Papo hapo akaingia mhunzi Kaveh akilia dhuluma: alikuwa na wana 18, amebakiwa na mmoja, na huyo naye ameshakamatwa apelekwe kwa nyoka. Zahhak akaamuru kijana arudishwe kwa baba yake, kisha akamwomba mhunzi jambo dogo tu, naye aweke saini. Kaveh akauchana ule waraka, akaukanyaga, akatoka nje, akatundika kwenye mkuki ngozi aliyokuwa akijifunga kazini. Umati ukamfuata, na ngozi ile ikawa bendera ya taifa.

Ni ngano, bila shaka. Lakini ndani yake mna nadharia nzima ya utawala. Katika fikra za Uajemi ya kale raia hakuwa chimbuko la mamlaka. Mamlaka yalitoka juu, kwa Mungu, na yalipita katika damu ya ukoo mmoja. Hata hivyo mfalme hakuweza kusimama peke yake akasema yeye ni mwadilifu. Ilibidi wengine waseme. Raia, kwa hiyo, alikuwa shahidi. Hakupiga kura, ila alihitajika kizimbani, na kwa takriban miaka 1,200, tangu Koreshi hadi Khosrow wa Pili, shughuli kubwa ya wafalme hao ilikuwa kuutafuta ushahidi wake, kuununua, kuuandika kwa niaba yake, na mara nyingine kumziba mdomo.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamfahamu Koreshi. Katika kitabu cha Isaya anaitwa masihi wa Bwana, heshima ambayo hakuna mgeni mwingine aliyepewa humo. Wayahudi walikuwa na sababu: mfalme huyu aliwaruhusu warudi Yerusalemu na kulijenga hekalu. Ushahidi wao una uzito kwa kuwa hawakuwa waandishi wake wa mshahara. Lakini Koreshi alikuwa na waandishi wake pia. Mwaka 539 KK alipouteka Babeli, makuhani wa mji huo walimtungia maandishi kwenye silinda ya udongo yenye urefu wa kama sentimita 22, ambayo Hormuzd Rassam aliifukua mwaka 1879 na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Maandishi yanasema Nabonido, mfalme aliyeshindwa, alimdharau mungu Marduk na kuwachosha watu kwa kazi za shokoa, ndipo Marduk akazunguka nchi zote akitafuta mtawala mwema, akamwona Koreshi. Watu wa mji walifurahi, wakaja kumbusu miguu.

Mwaka 1971 Shah Mohammad Reza Pahlavi, akiadhimisha miaka 2,500 ya ufalme kwa karamu ya fahari pale Persepolis, aliipigia debe silinda hiyo kuwa tamko la kwanza la haki za binadamu, na nakala yake ikapelekwa Umoja wa Mataifa. Sifa hiyo haiistahili. Wafalme wa Babeli walikuwa wakiandika hivyo karne nyingi kabla ya Koreshi, kila mmoja akijisifu kwamba amewapunguzia watu mzigo ambao mtangulizi wake aliwatwika. Tarihi ya Babeli ya zama hizo, ambayo haikumpamba yeyote, inataja vita vya Opis kando ya mto Hidekeli na mauaji yaliyotokea huko siku chache kabla ya mji kufunguliwa. Kinachonivutia mimi kwenye silinda hiyo ni kwamba mshindi mwenye jeshi lisilozuilika aliona bado kuna kitu anakikosa. Alihitaji kusemewa na watu wa mji wenyewe, kwa lugha yao na kwa jina la mungu wao.

Dario alikuwa na shida kubwa zaidi. Koreshi alikuwa mshindi. Dario aliingia ikulu kwa kuua. Mwezi Septemba mwaka 522 KK, yeye na wenzake sita walimuua mtu aliyekuwa akitawala kwa jina la Bardiya, mwana wa Koreshi. Dario alidai kwamba huyo hakuwa Bardiya bali kuhani mlaghai aitwaye Gaumata. Wanahistoria wengi wa leo wanashuku kwamba aliyeuawa alikuwa Bardiya halisi, na kwamba mlaghai wa hadithi hii ni yule anayeisimulia. Nchi baada ya nchi ikaasi. Dario akapigana vita 19, akawashika wafalme tisa, kisha akachonga maelezo yake juu kwenye jabali la Bisotun, karibu na Kermanshah ya leo, kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Pembeni ya maandishi kuna picha: mfalme mrefu kuliko wote amemkanyaga Gaumata kifuani, na mbele yake wamesimama waasi waliofungwa kamba shingoni, mikono nyuma.

Jambo la ajabu ni hapo mtu anapopanda mlima. Maandishi yako juu mno hata aliye barabarani hawezi kuyasoma. Henry Rawlinson, ofisa wa Uingereza aliyeyanakili kuanzia miaka ya 1830, alihatarisha maisha juu ya ngazi. Dario alilijua hilo, na ndiyo maana alituma nakala katika himaya yote. Kipande kimoja kimepatikana Babeli, na kingine, kwa Kiaramu kwenye mafunjo, kimepatikana kisiwa cha Elephantine huko Misri, mpakani kabisa mwa dola. Akaongeza baraka kwa atakayewaeleza watu habari hizo na laana kwa atakayezificha.

Hoja yake ndani ya maandishi ni moja. Uongo ulienea katika nchi, na waasi wote ni waongo waliowadanganya watu. Yeye anasimama upande wa kweli, na Ahura Mazda akamsaidia kwa sababu hiyo. Kwa namna hii uasi unageuka kuwa dhambi ya ulimi kabla ya kuwa kosa la upanga. Watu wenyewe hawalaumiwi sana; walidanganywa. Ni maelezo yenye werevu mwingi, maana yanamwezesha mtawala kukiri kwamba nchi nzima ilimkataa bila kukubali kwamba nchi ilikuwa na sababu.

Bahati nzuri tunaye shahidi wa upande wa pili, ingawa ni Mgiriki aliyeandika miongo kadhaa baadaye. Herodotus anasema yule aliyeitwa mlaghai alipoingia madarakani aliwasamehe watu wa himaya kodi na utumishi wa jeshi kwa miaka mitatu, na alipouawa Asia yote ilimlilia isipokuwa Waajemi. Dario anasema watu walimwogopa Gaumata sana, hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Hizi habari mbili hazikai chungu kimoja. Kama Herodotus yuko karibu na ukweli, basi aliyependwa aliuawa na walioumia kwa kupendwa kwake, yaani wakuu wa Waajemi waliokuwa wakineemeka kwa kodi za wengine.

Herodotus huyohuyo anatupa mjadala maarufu wa wale saba baada ya mauaji. Otanes anataka utawala uwe wa watu wengi na sheria iwe sawa kwa wote. Megabyzus anautetea utawala wa wateule wachache. Dario anautetea ufalme, na wanne waliobaki wanakuwa upande wake. Otanes anajitoa kwa sharti moja: yeye na uzao wake wasitawaliwe na mtu. Wasomi karibu wote wanakubaliana kwamba maneno hayo yana harufu ya Athene kuliko ya Uajemi, na Herodotus mwenyewe anakiri kwamba kuna Wagiriki wasioamini. Mimi sioni sababu ya kung'ang'ania kwamba mkutano ule ulifanyika. Chenye thamani zaidi ni msemo mwingine anaoupokea kutoka kwa Waajemi, kwamba Cambyses, mwana wa Koreshi aliyemrithi, alikuwa bwana, Dario mchuuzi, na Koreshi baba. Huo unanukia mtaani. Dario aliitwa mchuuzi kwa sababu aliweka kiwango maalumu cha kodi kwa kila jimbo mahali palipokuwa na zawadi tu, na raia hakuusahau mzani wake.

Herodotus anasimulia pia habari za Deioces, Mmedi aliyekuwa mwamuzi wa haki kijijini kwao. Watu walimjia kutoka mbali. Akasusa, akisema shughuli za wengine zimemharibia zake. Wizi ukazidi, wakakutana wakamfanya mfalme. Mara tu alipopata kiti alijenga mji wa Ecbatana wenye kuta saba, akajificha ndani, na mashtaka yakawa yanapelekwa kwa maandishi. Hii ndiyo habari pekee ya wazi katika mapokeo hayo ambapo watu wanamchagua mfalme kwa ajili ya uadilifu wake, na inaishia mfalme asionekane tena.

Dario naye, kwa haki yake, hakuwa mtu wa vitisho pekee. Kwenye kaburi lake la Naqsh-e Rustam, lililochongwa kwenye ukuta wa jabali si mbali na Persepolis, kuna maandishi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha fikra za kisiasa za enzi ile. Anasema hapendi mnyonge adhulumiwe na mwenye nguvu, wala mwenye nguvu adhulumiwe na mnyonge. Anasema hasira yake anaishika kwa akili yake. Anasema neno la mtu juu ya mwenzake halimridhishi mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Juu ya maandishi yupo mfalme amesimama kwenye jukwaa linalobebwa na watu 30 wa mataifa ya himaya, kila mmoja kwa vazi la kwao, na mengine katika maneno yake yanamwelekeza mtazamaji awahesabu wabebaji hao akitaka kujua nchi zake ni ngapi. Waangalie vizuri. Hawajafungwa kamba kama wale wa Bisotun, wala hawakuinama chini ya mjeledi. Wameinua mikono juu, na wengi wao wana silaha viunoni. Mfalme anataka tuamini kwamba wanaombeba wangeweza kumtupa na hawataki.

Ngazi za ukumbi wa Apadana pale Persepolis zinaimba wimbo huohuo. Ujumbe wa mataifa 23 unapanda kwa mpangilio, kila kiongozi ameshikwa mkono na mwenyeji. Wa mwisho ni watu wa Kushi, kusini mwa Misri, na pembe ya ndovu na mnyama ambaye wengine wanamwona twiga na wengine okapi. Hakuna vita, hakuna mateka, hakuna damu. Mtu aliyetoka kutazama sanaa ya Waashuru, iliyojaa vichwa vilivyokatwa, hupumua. Lakini nani aliulizwa kama alikuja kwa hiari?

Nguzo ya pili ya nadharia hii, baada ya ushahidi wa raia, ni ya kidini, na ni ya zamani kuliko Dario. Katika Avesta, maandiko ya dini ya Zoroasta, mfalme wa haki hufunikwa na mng'ao wa neema ya Mungu, ambao Waajemi wa baadaye waliuita farr. Yima, ambaye Ferdowsi anamwita Jamshid, alikuwa nao na nchi ikawa haina njaa wala kifo. Siku aliposema uongo ulimtoka mara tatu, kwa umbo la ndege. Adui wa Waajemi, Frangrasyan, alijitupa baharini mara tatu kuukamata, akashindwa, kwa kuwa haukuwa wake. Farr haushikiki kwa nguvu na haubaki kwa mtu aliyepotoka. Fikiria uzito wa wazo hilo katika nchi yenye wafalme wa kurithi: damu peke yake haitoshi, na mtu anaweza kukaa kwenye kiti akiwa si mfalme tena.

Tatizo liko hapa. Farr ukiondoka, nani anauona? Hakuna baraza lililopewa kazi ya kutangaza kwamba umeondoka. Ferdowsi anajibu kwa namna ya kuumiza: Jamshid alipotakabari, ni Wairani wenyewe waliopanda farasi kwenda kumlaki Zahhak awe mfalme wao. Umma uliona sawasawa kwamba mtawala ameharibika, kisha ukachagua aliyekuwa mbaya zaidi. Washairi wa mapinduzi wanaompenda Kaveh huiruka sehemu hii.

Chini ya Wasasani, walioshika dola kuanzia mwaka 224, ushahidi ulipata wenyewe, na hao walikuwa wakuu. Kule Paikuli, katika Kurdistani ya Iraki, Narseh aliacha maandishi kwa lugha mbili kueleza alivyopata ufalme mwaka 293. Kuna mtu alimvika taji kijana wa ukoo bila kuwashauri wakuu, wakuu wakamwandikia Narseh aje kutoka Armenia, akaja. Na hata baada ya kushinda aliwauliza kama yupo anayestahili zaidi yake. Wakajibu hakuna. Hapa ridhaa ina sura ya utaratibu: barua, mkutano, swali, jibu. Ila walioulizwa ni wenye ardhi na farasi.

Ndiyo maana sifa na lawama za wafalme wa Kisasani zinahitaji kusomwa kwa kuuliza nani anasema. Yazdegerd wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 399 hadi 420, anaitwa mwenye dhambi katika mapokeo ya makuhani na wakuu. Wanasema Mungu alimtuma farasi ampige teke afe. Wakristo wa himaya yake, walioruhusiwa kufanya sinodi yao Ctesiphon mwaka 410, walimsifu na kumwombea. Dhambi yake yaelekea ilikuwa kuwabana wenye nguvu na kuwaachia wasio na nguvu wapumue. Alipokufa wakuu walikataa wanawe wote, na kwa simulizi ya mwanahistoria Tabari, mwanawe Bahram ilibidi alichukue taji kutoka kati ya simba wawili ndipo akubaliwe.

Khosrow Anushirvan, aliyetawala kuanzia 531 hadi 579, ni kinyume chake. Yeye amebaki katika fasihi ya Kiislamu kama mfano wa mfalme mwadilifu, hata ikaenezwa hadithi, ambayo wanazuoni wanaikataa, kwamba Mtume alijivunia kuzaliwa katika zama zake. Lakini Tabari, ambaye hakuwa adui yake, anasimulia kikao kimoja. Mfalme alikuwa akileta kodi mpya ya ardhi yenye viwango vya kudumu: dirhamu moja kwa kipande cha shamba la ngano au shayiri, dirhamu nane kwa cha mizabibu, na kodi ya kichwa isiyowagusa wakuu, askari, makuhani wala waandishi. Akauliza waliohudhuria wana maoni gani. Kimya. Akauliza tena, na mara ya tatu akainuka mtu mmoja akasema: utawekaje kodi isiyokufa juu ya mzabibu unaokufa na mmea unaokauka? Mfalme akamuuliza ni wa tabaka gani. Ni mwandishi, akajibu. Khosrow akaamuru apigwe kwa vidau vya wino, na waandishi wenzake, ili wasihesabiwe pamoja naye, wakampiga mpaka akafa. Wote waliobaki wakasema wameridhika na kodi.

Kinachofuata hakisimuliwi sana. Sheria ilipotoka ilikuwa na kifungu cha kuwasamehe waliopata hasara ya mazao, na nakala za viwango zikapelekwa kwa makadhi wa wilaya ili mtoza kodi asizidishe hata senti. Kwa maneno mengine hoja ya marehemu ilisikilizwa. Kilichokataliwa ni haki yake ya kuisema. Sidhani kama kuna tukio linaloeleza vizuri zaidi uadilifu wa aina hii: mnyonge atahurumiwa, ila asije akadhani huruma hiyo anaidai.

Karne ya 11 waziri wa Waseljuki, Nizam al-Mulk, aliandika kwamba wafalme wa Uajemi walikuwa na desturi siku ya Nairuzi kufungua milango kwa kila mwenye shauri. Kama mtu alimshtaki mfalme, basi mfalme alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kuhani mkuu na kuomba kesi yake iamuliwe kwanza. Nairuzi hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikawa siku ya mwaka pwani yetu, na Makunduchi bado watu hupigana kwa mapande ya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita. Desturi ya mfalme kupiga magoti sina hakika kama ilitoka nje ya kitabu cha waziri aliyekuwa na sultani wa kumfundisha adabu. Na hata kitabuni ina mwiba: anayeshindwa kuthibitisha shtaka lake dhidi ya mfalme alipewa adhabu kali hadharani, iwe onyo kwa watafuta makosa.

Kuhukumiwa kweli kwa mfalme kulitokea, lakini si siku ya Nairuzi. Mwaka 628, baada ya vita vya robo karne na Warumi kumrudia nyumbani, Khosrow wa Pili aliondolewa na wakuu wakishirikiana na mwanawe Shiruya. Mashtaka yaliandikwa akapelekewa gerezani: alivyomtenda baba yake, alivyowafungia wanawe, wafungwa aliowasahau, askari aliowaweka mipakani miaka na miaka mbali na wake zao, kodi alizokusanya kwa ukatili na hazina alizorundika. Alijibu moja baada ya jingine, kwa kiburi na kwa ufasaha. Juu ya hazina alisema ufalme hausimami ila kwa mali na majeshi. Mengi katika orodha ile yalikuwa malalamiko ya watu wa kawaida kabisa. Lakini walioyasoma walikuwa wakuu walioyavumilia miaka yote ya ushindi, na hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ya majibu kusikilizwa. Aliuawa mwezi Februari.

Shiruya akawaua ndugu zake, naye akafa kabla mwaka haujaisha, na kwa miaka minne taji likapita vichwa vingi kuliko karne nzima iliyotangulia. Mwaka 630 wakuu walimkalisha Boran, binti wa Khosrow, wanaume wa ukoo wakiwa wamekwisha. Aliwasamehe watu malimbikizo ya kodi ya ardhi, akakarabati madaraja, akatuma barua zisomwe kwa raia akiwaeleza anavyowatakia mema na kwamba nchi haishikwi kwa nguvu za wanaume wala kwa hila zao. Alitawala mwaka mmoja na ushei. Alipoondolewa hakuna aliyewaandikia raia barua kuwaeleza sababu.